Gemu Mpya Kutoka Japani: Namna ya Kuchagua, Kuagiza na Kucheza Bila Kujutia

Bahasha ya kwanza niliyoagiza kutoka Japani ilikuwa na kadi mbili ndogo, moja ya Nintendo DS na nyingine ya Nintendo 3DS. Mashine yangu ilikuwa 3DS ya Ulaya. Nikachomeka ile ya DS, ikawaka papo hapo, nikacheka peke yangu. Nikachomeka ya pili, mashine ikagoma. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha, ikagoma tena. Nikadhani nimeuziwa mbovu, kumbe kadi ilikuwa nzima kabisa. Gemu za DS hazina kufuli ya eneo, yaani kizuizi cha gemu ya nchi moja kuwaka kwenye mashine ya nchi nyingine, za 3DS zinayo, na mimi nilikuwa nimelipa kabla ya kuuliza.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja: mashine kwanza, kisha lugha, kisha akaunti, pesa mwisho kabisa. Gemu kuwaka ni jambo moja, kuchezeka ni jingine, na wengi wanaolalamika kwamba wameliwa walihakikisha la kwanza tu.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inakubali nini

Mashine za siku hizi hazina makuu. Nintendo Switch, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017, husoma kadi ya Japani hata kama yenyewe imenunuliwa upande wa pili wa dunia. PlayStation 4 na PlayStation 5 ni hivyo hivyo kwa diski, na PS5 yenye tundu la diski itakusomea za PS4 pia. Kama yako ni ile isiyo na tundu, achana na diski mapema. Utabaki na kasha la kupamba rafu.

Kwa Switch 2 mtego umehamia upande wa mashine yenyewe. Ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, Japani iliuziwa matoleo mawili: la Kijapani pekee kwa yen 49,980, na la lugha nyingi kwa yen 69,980. Ukiona Switch 2 ya bei poa kutoka Japani, jua kuna uwezekano mkubwa ni lile la kwanza. Menyu zake ni za Kijapani tu, na hukubali tu akaunti ya Nintendo iliyosajiliwa Japani. Tofauti ya bei si zawadi.

Ukirudi nyuma kwenye vifaa vya mkononi, mambo ni mazuri zaidi. Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance hazikuwahi kuwa na kufuli. DS nayo iko huru, ila gemu zenye nyongeza za DSi, toleo la baadaye la DS, hufungwa zikichezwa kwenye DSi au 3DS. Pokémon Black na White za mwaka 2010 ndizo mfano: kadi ya Japani inawaka kwenye DS Lite ya nchi yoyote, lakini 3DS ya Ulaya itaikataa. PSP husoma gemu za UMD (diski zake ndogo) za kila mahali, japo filamu za UMD zina kufuli. PS Vita pia iko huru kwa kadi zake. Shida yake ni kwamba haishiki akaunti mbili kwa raha, kwa hiyo vitu vya kupakua kutoka maduka mawili vitakutoa jasho.

Zilizofungwa ni hizi: 3DS, Wii, Wii U, GameCube, PlayStation ya kwanza, PlayStation 2, Sega Saturn na Dreamcast. Kwa hizo, njia safi ni kutafuta mashine ya Kijapani yenyewe. Mimi ndivyo nilivyofanya na 3DS hatimaye, na sijutii. PS3 iko katikati: gemu zake karibu zote ziko huru, lakini ukitia ndani yake diski ya PS1 au PS2 ya Japani kwenye mashine ya eneo jingine, haitawaka.

Za zamani zaidi zina kikwazo cha umbo. Katriji ya Famicom ina pini 60, ya NES, ambayo ndiyo Famicom ya nje ya Japani, ina 72, kwa hiyo lazima upate kiunganishi cha katikati. Katriji ya Super Famicom inaingia vizuri kwenye SNES (Super Famicom ya nje) ya Ulaya lakini chipu ya ulinzi huizuia. Kwenye SNES ya Marekani ni kinyume chake, chipu haina neno ila kuna vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu vinavyozuia katriji isikae. Kuna watu huvikata vijino hivyo kwa koleo. Inafanya kazi, ingawa mimi mashine ya mwaka 1991 nisingeigusa kwa koleo.

Hatua ya 2: Lugha, na hapa usijidanganye

Kosa linaloumiza zaidi si kufuli, ni matumaini. Mtu anaona gemu ndefu ya hadithi, imetoka Japani miezi kabla ya nchi nyingine, anaagiza akijiambia atakisia. Baada ya saa mbili anasimama mbele ya mzee wa kijiji anayemwambia jambo muhimu, na hajui ni aende mlimani au arudi nyumbani.

Kwa Switch na PS5, gemu nyingi za Japani huwa na Kiingereza ndani ya kadi ileile. Huoni tangazo lake kwenye kasha, lakini ukibadilisha lugha ya mashine, gemu nayo inageuka. Kuhakikisha kabla ya kununua ya Switch, fungua ukurasa wa gemu kwenye duka la mtandaoni la Nintendo la Japani na utafute maneno 対応言語, yaani lugha zinazotumika. Ukiona 日本語 peke yake, ni Kijapani tu. Ukiona 英語 imo, Kiingereza kipo. Pokémon Sun na Moon za mwaka 2016 zilikuja na lugha tisa ndani ya kila kadi, na mfululizo huo umeendelea na mtindo huo. Wachapishaji wengine hutenganisha lugha kwa makusudi, kwa hiyo usichukulie kwamba alivyofanya mmoja ndivyo wote wanavyofanya.

Kuna pia matoleo ya Asia, yanayouzwa sehemu kama Hong Kong na Singapore, ambayo mara nyingi huwa na Kiingereza hata pale toleo la Japani halina. Ukikosa Kiingereza kwenye la Japani, angalia huko kabla hujakata tamaa.

Kama ni Kijapani tu, jiulize gemu inahitaji kusomwa kiasi gani. Gemu za mapigano, za kurusha risasi, za mbio, za mafumbo na za mdundo huchezeka bila herufi moja. Rhythm Tengoku ya Game Boy Advance, iliyotoka Japani mwaka 2006 na haikuuzwa kwingine, huhitaji sikio zaidi ya jicho. Mwaka huohuo ilitoka Mother 3, nayo hadi leo haijawahi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Hiyo ni maneno kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bila kusoma utapita karibu na kila kitu kilichoifanya ipendwe.

Anayejifunza Kijapani anapaswa kujua jambo moja ambalo wengi hulielewa vibaya. Gemu za zamani za Game Boy zimeandikwa kwa kana tupu (herufi za sauti), bila kanji (herufi za maana zenye asili ya Kichina), na mtu hudhani hiyo ni rahisi. Kwangu mimi ni ngumu zaidi. Bila kanji hujui neno linaishia wapi, na maneno kumi tofauti yanasomeka vilevile. Anza na gemu inayokupa kanji zenye kana ndogo juu yake, ili uweze kutafuta neno kwenye kamusi.

Hatua ya 3: Soma kasha kabla ya kusoma bei

Kona ya chini kushoto ya kasha kuna herufi kubwa ya CERO, shirika la Japani linalopanga umri tangu mwaka 2002. A ni ya wote, B ni miaka 12 na zaidi, C ni 15, D ni 17 na Z ni 18. Faida ya herufi hiyo kwako inazidi kulinda watoto. Gemu za kutisha au za damu huwa zimepunguzwa makali kwenye toleo la Japani, na wakati mwingine kunakuwa na matoleo mawili ya gemu moja. Biohazard 7 ya mwaka 2017 iliuzwa kwa alama ya D, na pembeni yake lile la Z lililoitwa Grotesque Version. Anayetaka gemu kama alivyoiona kwenye video anunue akiwa ameiangalia herufi hiyo.

Jina nalo linaweza kukupoteza. Biohazard ndiyo Resident Evil. Rockman ndiye Mega Man. Winning Eleven, ambayo wengi tuliikulia, ndiyo Pro Evolution Soccer. Nimewahi kuagiza gemu ambayo tayari ilikuwa kwenye rafu yangu kwa jina jingine, na sikugundua mpaka muziki wa mwanzo ulipolia.

Kisha angalia namba ya bidhaa kwenye uti wa kasha au kwenye diski. Gemu za PS2 za Japani huanza na SLPM, SLPS au SCPS. Za Marekani SLUS, za Ulaya SLES. Za PS4 za Japani nyingi ni PLJM au PLJS, za PS5 nyingi ni ELJM au ELJS. Msimbo wa mistari wa bidhaa za Japani huanza na 45 au 49. Muuzaji akikuonyesha picha ya mbele tu, mwombe ya uti na ya nyuma. Anayeficha uti ana sababu.

Kwa Switch 2, angalia pia kama ni kadi ya funguo. Hiyo ni kadi isiyo na gemu ndani. Inakupa ruhusa ya kuipakua kutoka mtandaoni, na lazima ibaki kwenye tundu unapocheza. Onyo lake limechapishwa sehemu ya chini ya uso wa kasha. Kuikopesha au kuiuza inawezekana, lakini kwa mtu anayekusanya ili acheze baada ya miaka 20, si kitu kilekile.

Hatua ya 4: Akaunti, kabla gemu haijafika

Kadi au diski itawaka kwa akaunti yako ya kawaida. Kinachokwama ni vitu vya kupakua. Nyongeza za gemu lazima zitoke duka la eneo lilelile la gemu: diski ya Japani inataka nyongeza ya duka la Japani. Wanaonunua pasi ya msimu kutoka duka la nchi yao kwa ajili ya diski ya Japani hubaki na mlango usio na nyumba.

Kwa PlayStation, nchi ya akaunti haibadiliki baada ya kuisajili. Fungua akaunti ya pili ya Japani kwa barua pepe nyingine, iweke kwenye konsoli hiyohiyo na uiwashie ruhusa ya kushiriki. Utanunua kwa akaunti ya Japani na kucheza kwa ile yako ya kila siku. Kwa Nintendo nchi inabadilika kwenye mipangilio ya akaunti, lakini maliza salio kwanza. Mimi hupendelea akaunti mbili hapa pia, maana kuhamahama kunachosha.

Malipo ndiyo yamekuwa magumu. Tangu tarehe 25 Machi 2025 duka la Nintendo la Japani halipokei kadi za benki zilizotolewa nje ya nchi hiyo wala PayPal iliyofunguliwa nje. Njia iliyobaki ni kadi za kukwangua za Japani, ambazo wauzaji hutuma namba kwa barua pepe. Nunua kwa muuzaji mwenye sifa, na ukwangue au uingize namba siku hiyohiyo.

Kwenye gemu mpya utakuta karatasi yenye namba ndefu na maneno 早期購入特典, yaani zawadi ya walionunua mapema. Namba hiyo inaingia kwenye akaunti ya Japani tu na ina tarehe ya mwisho. Ukiagiza nakala iliyokaa ghalani mwaka mzima, usitegemee zawadi hiyo.

Hatua ya 5: Kununua

Gemu mpya Japani kwa desturi hutoka Alhamisi. Ukitaka nakala ya kwanza, agiza kabla, hasa kama kuna toleo la 限定版, lile lenye sanduku kubwa, kitabu cha picha na muziki. Hayo huchapishwa mara moja, na baada ya hapo bei huamuliwa na aliyenayo.

Ukienda mwenyewe, Akihabara ya Tokyo ina jina kubwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo si rahisi. Nipponbashi ya Osaka ni mtaa wa aina hiyohiyo wenye kelele kidogo. Usidharau maduka ya vitabu vilivyotumika kama Book Off. Rafu zao za gemu za PS4 na DS zimejaa vitu visivyotafutwa na watalii.

Walio mbali hutumia mawakala, kampuni kama Buyee au ZenMarket, zinazonunua kwa niaba yako kwenye minada na masoko ya Japani, kupokea kwenye ghala lao na kukutumia. Faida ni kuunganisha vifurushi vitano kuwa kimoja. Hasara ni ada juu ya ada, basi fanya hesabu yote kabla ya kubofya: bei, ada ya wakala, usafiri wa ndani ya Japani, usafiri wa nje, na kodi ya forodha ya kwako.

Kwenye minada hiyo maelezo ni ya Kijapani, na kamera ya kutafsiri ya simu inasaidia, lakini maneno machache uyajue kwa macho. 新品 ni mpya, 未開封 haijafunguliwa, 中古 imetumika, 美品 imetumika lakini inang'aa. 箱説付き ina kasha na kijitabu. ソフトのみ ni gemu tupu. 動作確認済み imejaribiwa ikafanya kazi. 日焼け imepauka kwa jua. Neno la kuogopa ni ジャンク. Linamaanisha muuzaji hajui au hataki kujua kama inafanya kazi, na hakuna kurudisha. Nimepata hazina kwenye ジャンク, na nimepata pia Game Boy iliyojaa kutu ya betri hadi kwenye spika. Weka hapo pesa ambayo hutaililia.

Hatua ya 6: Usafiri na umeme

Kadi na diski husafiri vizuri. Mwambie wakala asiondoe kasha ili kupunguza uzito, isipokuwa hujali. Mashine zenye betri ya lithiamu zina masharti ya posta yanayotofautiana kwa nchi unayotumiwa. Betri peke yake, nje ya mashine, usiiagize kabisa. Thamani iandikwe ya kweli kwenye fomu, maana ikipotea utalipwa fidia kwa kile kilichoandikwa.

Ukiagiza mashine yenyewe, geuza adapta usome. Umeme wa Japani ni volti 100. Adapta ya Switch huandikwa 100–240V, ichomeke popote. Ikiandikwa 100V tupu na kwako ni 220 au 240, unahitaji transfoma ya kushusha umeme; kipande cha kubadilisha umbo la plagi hakishushi kitu.

Famicom inastahili onyo lake. Adapta yake hutoa volti 10 za mkondo mnyoofu (DC). Adapta ya NES ya Marekani hutoa volti 9 za mkondo geu (AC), na plagi yake inaingia kwenye Famicom kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Ukiwasha, unaweza kuchoma mashine iliyodumu tangu miaka ya 1980 kwa sekunde chache.

Hatua ya 7: Kifurushi kimefika

Fungua ukipiga video. Bandua taratibu, kisha linganisha na picha za muuzaji.

Gemu za Game Boy Advance na DS, hasa za Pokémon, zina nakala bandia nyingi kuliko unavyofikiri. Katriji halisi ya GBA ina namba mbili ndogo zilizogandamizwa kwenye lebo, kama alama ya ukucha. Inamisha chini ya taa utaziona. Parafujo ya nyuma ina mianya mitatu, na kwenye sakiti, juu kidogo ya pini, unasoma neno Nintendo. Lebo ikiwa inang'aa kupita kiasi na rangi ya plastiki si sawasawa, usijifariji.

Katriji isiposoma mara moja, usiipulize. Mate yana unyevu na unyevu unakula shaba. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua pini, rudia hadi pamba itoke safi, subiri ikauke. Diski ifute kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe.

Katriji nyingi za Game Boy na Super Famicom hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya kidonge iliyolehemiwa ndani. Pokémon Gold na Silver za mwaka 1999 huimaliza haraka zaidi kwa kuwa ina saa inayotembea mchana na usiku. Jaribu hivi: sevu, zima, acha usiku kucha, washa asubuhi. Ikiwa imesahau, betri imekufa na fundi wa elektroniki ataibadilisha kwa dakika chache. Kubadilisha huko kunafuta kila kilichokuwamo.

Hatua ya 8: Jioni ya kwanza

Kwenye PS4 na zilizotangulia, gemu za Japani hutumia duara kukubali na X kughairi, kinyume cha ulivyozoea. Utaghairi mambo kwa siku mbili, kisha kidole kitazoea. PS5 ilibadilisha, X inakubali kote.

Kwenye skrini ya mwanzo, はじめから ni kuanza upya na つづきから ni kuendelea. はい ni ndiyo, いいえ ni hapana. 設定 ni mipangilio, 難易度 ni kiwango cha ugumu, もどる ni kurudi. Andika kwenye karatasi haya mawili na uyabandike karibu na skrini: 上書き, kuandika juu ya kilichopo, na 消去, kufuta.

Hayo mawili ndiyo yaliyonizuia usiku mmoja nikiwa na kadi ya DS iliyotumika. Ilikuwa na nafasi moja tu ya kusevu, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa mtu mwingine: saa 142, jina la herufi tatu za kana, na timu ya wanyama ambao kila mmoja alikuwa amepewa jina lake. Nilikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda, kisha nikarudi sokoni nikaagiza kadi ya pili ya gemu ileile.